Mume wangu hataki maganda ya matunda yaingie kwenye mabwawa yetu

BARUA

Kwako Mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Bombo, Uganda, na ninauza juisi ya matunda sokoni. Mume wangu alistaafu jeshini, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake tuliitumia kuchimba mabwawa mawili ya samaki katika kibanja chetu kilichoko bondeni. Tulipandikiza vifaranga elfu mbili vya ngege (tilapia), tukiwa tumeambiwa kwamba wakitunzwa vizuri watakuwa tayari kuuzwa baada ya miezi sita hadi minane. Muda huo umekwisha kupita, na bado samaki wetu wengi hawazidi kiganja cha mkono.

Kinachotushinda ni chakula. Mwanzoni tulinunua kile cha punje zinazoelea, lakini bei yake ilikuwa ikipanda kila tuliporudi dukani, hivyo mume wangu akaanza kuchanganya mwenyewe pumba za mahindi, soya na mukene (dagaa wa ziwani). Hata huo mukene nao sasa haushikiki, maana tunagombea gunia moja na wafugaji wa kuku na akina mama wanaoupika.

Binti yetu mkubwa, aliyesomea kilimo katika chuo cha Bukalasa, ndiye aliyenieleza kuwa maganda ya embe, nanasi na papai yanaweza kukaushwa, kusagwa na kuchanganywa katika chakula cha samaki. Nilifurahi, kwa kuwa maganda ndiyo mzigo wangu wa kila jioni, na wauza juisi wenzangu hunishukuru ninapowaondolea magunia yao. Mimi na binti yangu tulianika kiasi juu ya turubai nyuma ya nyumba, tukayatwanga kinuni, tukapata unga wa rangi ya kahawia wenye harufu tamu.

Baba watoto alipouona unga ule alikataa katakata. Alisema samaki si mbuzi, kwamba hakutumikia jeshi miaka yote hiyo ili uzeeni aje kulisha samaki takataka za sokoni, na kwamba wateja wakijua hawatanunua tena. Hoja yake moja siwezi kuipuuza. Jirani yetu wa ng'ambo ya bonde alikuwa akimwaga mabaki ya nanasi moja kwa moja bwawani, na asubuhi moja alikuta samaki wake wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Kabla ya adhuhuri wengi walikuwa wameelea. Mume wangu alikwenda kumsaidia kuwaopoa, na tangu siku hiyo hataki hata kusikia neno maganda. Shemeji yangu, mdogo wake, anamshauri akodishe mabwawa kwa mfanyabiashara mmoja wa Kampala, apate fedha ya uhakika na kupumzika.

Kwa upande mwingine, SACCO yetu ya wanawake iko tayari kunikopesha fedha za kununua mashine ya kusaga na kutengeneza chakula cha samaki. Dhamana wanayoitaka ni makubaliano ya ununuzi wa kibanja, nayo yana jina la mume wangu. Binti yangu anasema baba yake ataelewa akishaona samaki wamenenepa, hivyo nianze kimyakimya na bwawa moja. Mama mkwe anasema mke hashindani na mumewe juu ya mali ya mumewe. Mimi niko katikati. Je, maganda haya yatatupunguzia gharama kweli? Na nifanyeje na mume ambaye hataki hata kuketi tuzungumze?

Mke wa mstaafu,
Bombo

JIBU

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Ahsante kwa kuandika kwa uwazi, na hasa kwa kuieleza hoja ya mumeo bila kuipunguza nguvu, jambo ambalo wengi wanaoniandikia kuhusu wenzi wao hawalifanyi. Nikikuelewa vizuri, una maswali mawili yaliyofungwa fundo moja: kama maganda yanafaa, na ni nani mwenye sauti juu ya mabwawa yaliyochimbwa kwa kiinua mgongo cha mumeo lakini yanayoendeshwa pia kwa jasho lako. Naona ni afadhali tulifungue fundo hilo kwa kuanza na samaki wa jirani, kwa sababu ndio walioifunga midomo nyumbani kwako.

Samaki wanaohema juu ya maji asubuhi mapema wamekosa oksijeni. Mabaki mabichi ya nanasi yamejaa sukari, na yakimwagwa majini vijidudu vya kuozesha huyavamia, vikatumia oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa maana mimea midogo inayolifanya bwawa kuwa la kijani, ambayo mchana huzalisha oksijeni kwa nguvu ya jua, gizani nayo huitumia. Kwa hiyo muda wa kukaribia mapambazuko ndio ambapo bwawa huwa na oksijeni kidogo kuliko saa nyingine zote. Samadi nyingi ingeweza kuwaua samaki wale vilevile, na hata pumba zinazomwagwa bila kipimo. Alichokiona mumeo ni cha kweli, wala hakosei kukiogopa, ila kilitokana na mabaki mabichi kuozea majini, na unga mkavu ulioshikana ndani ya chakula na kuliwa mara moja ni jambo jingine. Hata hivyo usitulie mapema: chakula chochote cha kuchanganya nyumbani kinachoyeyuka kabla hakijaliwa kinarudisha hatari ileile kwa mlango wa nyuma, na ndiyo sababu wengi hutia unga kidogo wa muhogo uliopikwa ili kukishikanisha, kisha wakakipitisha katika mashine ya kusagia nyama na kukianika.

Sasa maganda yenyewe. Nahisi wewe na binti yako mnayatazamia kazi ambayo hayaiwezi. Umeeleza kwamba mukene ndio unaowakausha mfuko, na katika barua yako unga wa maganda unakuja mara tu baada ya malalamiko hayo, kana kwamba huo ndio utakaoziba pengo la mukene. Chukua kilo 100 za maganda mabichi ya embe. Karibu kilo 80 ni maji, kwa hiyo zikikauka unabaki na kilo 20 hivi, na protini iliyomo ni takriban asilimia 5, yaani kilo moja. Kilo moja hiyo ya protini ungeipata katika kilo 2 tu za mukene mzuri mkavu. Wanga, sukari na nyuzinyuzi ndivyo vilivyojaa katika maganda, kama ilivyo kwa pumba za mahindi, ambazo zina protini ya asilimia 10 hivi. Katika sahani ya samaki, pumba ni posho, yaani ugali, na mukene ni mboga. Maganda yanaweza kukalia nafasi ya posho, na mboga itabaki kutafutwa kwingine.

Tofauti hii si ndogo. Ngege wa kukuzwa anahitaji chakula chenye protini ya karibu asilimia 30, na vifaranga wanahitaji zaidi, ndiyo maana wao nisingewapa maganda kabisa. Ukiondoa pumba kwa kiasi cha asilimia 15 ya mchanganyiko na kuweka unga wa maganda mahali pake, protini inashuka kwa chini ya alama moja, upungufu ambao soya kidogo ya nyongeza inaufidia. Ukiondoa mukene kwa kiasi hichohicho, protini inaporomoka kutoka 30 hadi 22 au 23, na samaki wako watazidi kudumaa huku ukidhani umeokoa fedha. Kwa hiyo ukiuliza kama maganda yanapunguza gharama, itabidi kwanza ujue pumba zinakugharimu kiasi gani, kwa sababu hizo ndizo utakazoziacha. Kama pumba ni sehemu ndogo ya gharama yenu, nafuu nayo itakuwa ndogo.

Wafugaji wengi pia hujidanganya kwa kuangalia bei ya kilo moja ya chakula badala ya kuangalia gharama ya kilo moja ya samaki. Tuseme chakula kizuri ni shilingi 3,000 kwa kilo, na kilo moja na nusu inatosha kuongeza kilo moja ya samaki. Hapo umetumia 4,500. Tuseme chakula chako cha kuchanganya ni shilingi 1,500, lakini kwa kuwa ni hafifu unahitaji kilo tatu na nusu. Hapo umetumia 5,250, tena umechelewa miezi. Bei hizi nimezitunga kwa mfano tu. Weka zenu mahali pake, na hesabu hiyo mwachie mumeo aifanye mwenyewe.

Kuhusu kudumaa kwa samaki, ruhusu nikuulize jambo ambalo hukuligusa: je, vifaranga mliopandikiza walikuwa madume watupu, au walikuwa mchanganyiko? Ngege huanza kuzaa angali mdogo, na bwawa lenye majike hujaa watoto kabla wazazi hawajafikia uzito wa soko, kisha wote wakagombea chakula kilekile. Kokota wavu mdogo kandokando mwa bwawa asubuhi. Ukikuta vifaranga ambao hamkuwanunua, basi tatizo lenu kubwa si chakula, wala hakuna maganda wala mukene utakaolitatua bila kuwapunguza. Kisha zamisha mkono wako taratibu hadi kiwiko: kama bado unaviona vidole vizuri, maji yenu hayana ukijani wa kutosha, na ngege wanakosa chakula cha asili ambacho kingewasaidia bila gharama kubwa. Kama kiganja kinapotea mara tu kinapoingia majini, ukijani umezidi, na hatari ya oksijeni iko karibu. Na huo mukene mnaougombea, kabla ya kuulipia chukua konzi moja, uuloweke katika bakuli la maji na kuukoroga, uone mchanga unaobaki chini, kwa maana ule ulioanikwa juu ya mchanga ufukweni huuzwa pamoja na mchanga wake, na mchanga hupimwa kwenye mizani kama samaki.

Sitaki uone kwamba nayabeza maganda. Ngege ana utumbo mrefu unaomeng'enya wanga na mimea vizuri kuliko kambare, kwa hiyo wazo la binti yako halikutoka hewani, na katika nchi nyingi watafiti wamejaribu maganda ya embe na ndizi katika chakula cha samaki huyu na kuona kwamba kiasi cha wastani hakimdhuru. Mimi ningeanzia asilimia 10. Maganda ya embe na papai ningeyatanguliza. Ya nanasi yana nyuzinyuzi nyingi, na vile vichwa vyenye majani ningewaachia ng'ombe na mbuzi. Yote yaoshwe, kwa sababu dawa za shambani hubaki kwenye ganda kuliko kwenye nyama ya tunda.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukaushaji. Huko kwenu mvua hunyesha Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na miezi hiyo maganda yaliyoanikwa chini hupata ukungu kabla hayajakauka. Ukungu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuanika tena wala kwa kupika, nayo hudhuru ini la samaki polepole bila kumwua siku ileile. Ganda lililo tayari huvunjika kwa mlio ukilikunja. Likipinda tu, bado. Lenye doa la kijivu au jeusi lisiingie kinuni hata kama ni moja. Na ule unga mlioutengeneza, kabla ya jambo lolote, ufungue uunuse: kama harufu tamu imegeuka kuwa ya uvundo, utupe.

Halafu kuna suala la kiasi, ambalo linanirudisha kwenye mkopo. Ngege 2,000 wenye wastani wa gramu 100 wana uzito wa kilo 200 kwa pamoja, na kwa siku watakula kama asilimia 3 ya uzito huo, yaani kilo 6 za chakula. Asilimia 10 ya kilo 6 ni gramu 600 za unga wa maganda, ambazo zinatoka katika kilo 3 hivi za maganda mabichi. Hizo kilo 3, dada yangu, zinatoka mezani pako mwenyewe jioni moja! Kwa mabwawa mawili huhitaji magunia ya wenzako, na sioni kwamba unahitaji mashine ya mkopo. Mashine inaingia akilini ikiwa unataka kuwatengenezea wafugaji wengine chakula na kuwauzia, lakini hiyo ni biashara nyingine, inayotaka umeme, wanunuzi wa kudumu, mahali pakavu pa kuhifadhia, na malighafi ambayo leo unapewa bure lakini kesho huenda ikawa na bei. Waulize wanaofuga ng'ombe Kampala kuhusu maganda ya matoke, ambayo siku hizi hununuliwa kwa magunia. Kazi ya kuosha, kuanika na kugeuza nayo si ya bure, hata kama wanaoifanya ni wewe na binti yako.

Juu ya dhamana, ujue pia kwamba Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake, hairuhusu ardhi ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kifungu hicho ambacho huwalinda akina mama wengi, kwako kina maana kwamba huwezi kuyatumia makubaliano yale bila mumeo kujua, na kwake kina maana kwamba naye hawezi kufanya lolote zito na ardhi mnayoishi au kuitegemea kwa riziki bila ya wewe kukubali. Maneno ya mama mkwe kuhusu mali ya mume yana uzito wake katika heshima za nyumbani, na sikushauri kubishana naye, lakini si picha kamili.

Kuhusu kuanza kimyakimya na bwawa moja, ninaelewa kwa nini inakuvuta. Fikiri tu itakuwaje samaki wakipata shida yoyote wiki hizo, hata ile isiyohusiana na maganda, kama vile mawingu ya siku kadhaa mfululizo yaliyopunguza oksijeni: hutaweza kujitetea, na jambo litaacha kuwa la chakula, litakuwa la uaminifu. Hata samaki wakinenepa, utamwambia nini mtu ambaye umemthibitishia kwamba neno lake halikuhitajika?

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kwa upole kama mumeo anakataa maganda kweli. Sikumsikia mwenyewe, nimekusoma wewe tu, lakini katika maneno uliyoyanukuu nasikia mtu aliyeweka jasho la miaka yake yote ardhini, samaki hawakui, na sasa mkewe na bintiye wanakuja na jawabu walilolipika bila yeye. Labda mazungumzo yasianze na maganda. Yaanze na vifaranga waliojazana, au na mchanga wa mukene, mambo ambayo hayamhukumu mtu, na ambayo mtayaangalia pamoja mkiwa mmesimama ukingoni mwa bwawa.

Akilainika, kuna njia ya kujaribu isiyohatarisha bwawa. Shoneni vizimba viwili vya neti, mviweke ndani ya bwawa lilelile, kila kimoja na samaki 30 wa ukubwa mmoja. Kimoja kipewe chakula chake cha kawaida, kingine chenye asilimia 10 ya unga wa maganda mahali pa pumba. Baada ya kila wiki mbili wapimwe, na mizani pamoja na daftari awe navyo yeye, kwa kuwa mtu aliyezoea nidhamu ya jeshi hataandika uzito ambao hakuuona. Kama atapendelea kusikia kwa wataalamu kuliko kwa familia, kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kajjansi kiko njiani kuelekea Entebbe, na afisa wa uvuvi wa wilaya yuko karibu zaidi. Binti yenu anaweza kuwauliza pia kuhusu kulisha maganda yale funza wa nzi askari mweusi (black soldier fly), ambao wakikaushwa wana protini ya karibu asilimia 40; hiyo ndiyo njia ambayo maganda yanaweza kugusa nafasi ya mukene. Ila ni kazi ya uangalizi, na mume aliyechukia maganda sidhani atapokea funza wiki hiyohiyo.

Hofu yake juu ya wateja usiipuuze. Mnunuzi akiambiwa "takataka" ataondoka. Akiambiwa samaki hawa hula soya, mukene, pumba na unga wa maembe, huenda akauliza bei tu. Hata hivyo hilo halina uhakika, na mumeo ndiye anayewajua wanaokuja bwawani.

Na shauri la shemeji usilione la uadui. Kodi ya uhakika ina nafuu yake kwa mzee aliyechoka, na pengine kukodisha bwawa moja kwa msimu mmoja, kwa maandishi na kwa ridhaa yenu wote wawili, kungewapa fedha ya kulihudumia la pili vizuri. Hatari yake ni kwamba mpangaji anaweza kuwaachia bwawa lililojaa tope na vifaranga waliodumaa, kwa hiyo hali ya kulirudisha iandikwe mapema.

Mkopo wa SACCO haukimbii; waulize kama wanaweza kukushikilia nafasi hadi mizani izungumze. Ukiniandikia tena, nieleze mmekuta nini kwenye wavu, na kilo moja ya pumba ni shilingi ngapi huko Bombo.